Matanga Yaliyotulisha

Titileri wetu mpya, mkuu wa kituo, ameniomba niwaandikie ninyi vijana wa maternite, nyumba yetu ya kuzalishia, "mashauri ya mama aliyestaafu". Mashauri yamebandikwa ukutani karibu na mlango, tena yana picha. Someni yale. Mimi nitaandika yale ambayo hayakubandikwa popote, na mkiyachoka mtaniambia nikija kuwatembelea. Nitakuja, msidhani mmeniondoa.

Asubuhi ya kwanza baada ya kustaafu niliamka, nikanawa, nikavaa kanzu yangu nyeupe, nikafika mpaka barabarani ndipo nikakumbuka. Nikarudi nyumbani nikijifanya nilikuwa natafuta mbuzi. Hatuna mbuzi. Habari za kupandishwa cheo na za mshahara nitazipita, kama zenyewe zilivyozoea kutupita sisi wa Kabambare.

Nilitoka Kasongo nikiwa msichana aliyemaliza masomo ya uuguzi juzijuzi, nimekaa nyuma ya kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli, na sanduku langu kichwani mwa mtu mwingine aliyekuwa anatembea kwa miguu. Aliyetembea ndiye aliyefika kwanza. Kituo kilikuwa nyumba ya matofali mabichi karibu na mto, upande wa njia iendayo Wamaza. Mlangoni alisimama mwanamke mfupi, mnene, mikono imelowa mpaka viwikoni. Huyo alikuwa Mama Tabu, mkunga aliyezalisha nusu ya watu wa pale na kuwagombeza wote.

"Unajua kuchemsha maji?" akaniuliza, hata jambo hajasema.

"Ndiyo, Mama."

"Wote wanasemaka ndiyo," akajibu, akanipa shoka la kupasulia kuni.

Wiki zangu za kwanza sikugusa mama wala mtoto. Niligusa kuni. Nilichemsha nyembe, nilichemsha mikasi, nilichemsha uzi wa kufungia kitovu, nikaosha glavu na kuzianika kwenye kamba, zikawa zinawapungia mkono wapita njia. Nililia mara moja nyuma ya jiko. Mama Tabu akanikuta, akaangalia sufuria badala ya kuniangalia mimi, akasema maji bado. Nilimchukia sana. Leo, nikiona mtu anatia mkasi katika maji ya uvuguvugu, mimi ndiye ninayefoka, tena kwa sauti yake ileile.

Ilipofika siku ya kuniamini, alinipa pembe. Ninyi mna kile kimashine kinachopiga kelele mpaka kilomita mbili mbali, betri zikiwepo. Sisi tulikuwa na pembe, ambayo si pembe ya mnyama, ni kipande cha mbao kilichochongwa kama tarumbeta fupi, kina tundu katikati. Mdomo mpana unauweka kwenye tumbo la mama, sikio lako upande wa pili, unasikia moyo wa mtoto. Mama Tabu alinifanya nisikilize huku nikigonga kidole changu katika kiganja chake, naye mkono wake wa pili ameshika mshipa wa mama. Kidole changu kikienda sawa na mshipa ule, ananipiga kofi la bega.

"Huyo ni mama! Mie nilikuuliza mutoto."

Nilipigwa mabega mpaka siku nilipousikia wa kwanza, mdogo, wa haraka, mbali kabisa ndani. Nikaanza kucheka na sikio langu bado limebanwa pale tumboni.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuja mwaka uleule. Mtoto alitoka kimya, rangi mbaya, amelegea. Bibi yake alikuwa mlangoni na kikwembe, kanga ya kumpokelea. Nilijua la kufanya, tulifundishwa: kumkausha, kusafisha mdomo na pua, kumsugua mgongo, kumpulizia pumzi. Nilifanya yote. Kimya. Basi nikageuka kumwangalia yule bibi, nikafungua mdomo nimwambie. Mama Tabu akanikanyaga mguu. Alinikanyaga hasa, na kisigino, kucha ikawa nyeusi. Akamchukua mtoto, akaanza upya polepole, kama mtu asiye na kazi nyingine siku ile. Mtoto akakohoa, kisha akalia.

Baadaye tukiwa tunaosha vyombo aliniambia, "Lile neno la 'amekufa' liko na haraka yake. Weye usilisaidie. Kwanza usikilize wewe mwenyewe, na pembe, kwa sikio lako. Ukisikia hakuna, unasikiliza tena. Kama hukusikiliza, hujui kitu."

Niliishika sheria hiyo kazini miaka yote. Sikudhani nitaihitaji nyumbani.

Nyumbani nilikuwa na Ramazani. Aliyefika kwetu mara ya kwanza husema, aa, mumeo Mwislamu. Hapana, ni Mkatolika wa kuimba kwaya. Kwetu majina hayaulizi dini. Alikuwa mchuuzi wa mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Anaondoka na kinga yake imefungwa bidoni, madumu ya plastiki, tupu pande zote, bidoni za njano zimempita hata kichwa, anavuka mto, anarudi zimejaa, anasukuma. Yeye ndiye aliyekuwa na imani ndani ya nyumba. Alisali kabla ya kula, kabla ya safari, hata kabla ya kuziba tairi. Mimi kanisani nilikwenda kama ninavyokwenda kwenye mkutano wa kapita, mkuu wa kijiji, kwa sababu nisipoonekana watu watasema. Nilikuwa nimeona akina mama wazuri wanakufa na walevi wanapona, nikawa na maneno yangu na Mungu, nikayaweka kando. Ramazani hakunisumbua. Alisema tu, "Mie nitasali ya wawili, weye uchemshe maji."

Sasa nifike kwenye mafuriko.

Mto wetu mnaujua, wakati wa kiangazi watoto wanauvuka bila kukunja suruali. Mwaka ule mvua ilinyesha milimani mpaka tukachoka kuizungumzia. Asubuhi moja, watu wanapanga vitu sokoni, tukasikia ngurumo isiyotoka mbinguni. Maji yalikuja na miti mizima, mizizi na yote. Mtaa wa chini ulikwenda, nyumba moja baada ya nyingine, na ukuta wa maternite ukaanza kumeguka. Ndani nilikuwa na mama wawili waliokwisha kujifungua, na Feza, msichana wa mimba ya kwanza aliyekuwa akingoja siku zake. Mama Tabu alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao Nyangwe, kwa hiyo wa kupiga kelele nilikuwa mimi. Tuliwabeba mpaka shapeli, kanisa letu dogo juu kilimani. Nilirudi mara moja tu, nikachomoa pembe kwenye msumari wake. Mizani, kitanda cha kuzalia, mfuko wa kupumulishia watoto, vyote vikaenda na mto.

Nilikuwa bado nawafunika wale mama vikwembe shapelini nilipomwona shemeji yangu Kitenge, kaka mkubwa wa Ramazani, anakuja na kofia mkononi. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Ramazani alikuwa ameondoka alfajiri na bidoni zake tupu. Watu walimwona juu ya daraja la magogo wakati miti ilipoligonga. Daraja lilikwenda lote. Kinga yake ilionekana baadaye, imenasa kwenye matawi, bila bidoni wala mwenyewe.

"Pole, mwanangu," Kitenge alisema.

Niliporudi nyumbani nilikuta moto umekwisha kuwashwa uani. Matanga yameanza.

Kwa wale mliotoka mbali niseme kidogo. Matanga hapa kwetu si kusema pole na kuondoka. Watu wanahamia. Wanaume wanalala nje kuzunguka moto, wanawake ndani kwenye mikeka, na harudi mtu kwake mpaka familia iyafunge. Kila anayekuja anakuja na kitu, muhogo, kuni, chumvi, sombe la majani ya muhogo. Na kwenye matanga haulizwi mtu ataondoka lini.

Kiwanja chetu kiko juu, maji hayakufika, isipokuwa mvua iliangusha ukuta wetu wa nyuma. Watu wa mtaa wa chini wakapanda. Walikuwa wamepoteza nyumba, mashamba, kuku, sufuria, kila kitu, lakini hakuna hata mmoja aliyesema naomba mahali pa kulala. Watu wetu wana aibu ya kuomba. Walisema "poleni", wakatandika mkeka, wakalia kidogo, wakabaki. Nao wa vijiji vya mbali walikuja wamebeba mizigo ya muhogo vichwani. Nani amewahi kufundishwa mtu wa mafuriko anapelekewa nini? Lakini matanga kila mtu anayajua tangu utoto. Wafanyabiashara wa msikitini walileta mbuzi, wakamchinja wao wenyewe ili wote waweze kula. Katekista Anatoli, anayeongoza sala, alileta masufuria ya shapeli. Hata wachimbaji wa dhahabu, ambao asubuhi watu walikuwa wanawatukana kwamba ndio waliochimbua mito mpaka ikakasirika, walikuja na maturubai yao, wakayafunga juu ya uwanja, wakachimba mfereji wa kutoa maji, wakakaa mwisho kabisa karibu na choo. Bibi mmoja aliyekuwa amewatukana zaidi ya wote aliwapelekea sahani.

Mimi sikuyaona mema hayo wakati ule. Niliona watu wengi mno nyumbani kwangu wakimlilia mume wangu, na mimi sijalia. Nilikaa na pembe mapajani. Wanawake wakanong'onezana, maskini, kichwa kimemruka.

Kisha Kitenge akaja na jambo la mgomba. Katika familia ya mume wangu, mtu akipotea na maji na mwili usipatikane, wanaukata mgomba, wanauvika nguo zake, wanauzika mahali pake. Ndipo roho inatulia, na matanga yanaweza kufungwa.

"Mudogo wangu iko mu maji, hana hata mahali," alisema. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Tumuzike, apumzike."

"Mie sijamusikiliza, Yaya," nikamjibu, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa.

"Umusikilize wapi? Mu mto?"

"Sijaweka pembe kwa kifua yake. Kabla ya hapo mie sizikishi mutu."

"Ee, weye mwanamuke! Watu waliona daraja inaenda!"

"Waliona daraja. Hawakumuona yeye anakufa."

Aliniambia maneno ya Kibangubangu ambayo sitayaandika, kisha akalia, na mimi nikamwonea huruma. Alimlea Ramazani tangu mdogo, baba yao hayupo. Alichokuwa anataka ni kumtendea ndugu yake haki ya mwisho. Mimi nilichokuwa nataka ni asitendewe. Tulibishana hivyo kila kukicha, watu wakisikiliza. Wale wa mtaa wa chini walikuwa upande wangu, nadhani kila mmoja na sababu zake.

Katikati ya ugomvi huo Feza akashikwa na uchungu. Nikakimbia shapelini. Nilimzalishia mbele ya altare, kwenye mkeka, vikwembe vimetundikwa pande zote kuwa ukuta, na sufuria ya maji inachemka mlangoni. Maji yalichemka vizuri, hilo nililiangalia. Mtoto akatoka kimya.

Nilimkausha. Nilisafisha mdomo na pua kwa kidole na kitambaa. Nilisugua mgongo. Mfuko wa kumpumulisha ulikuwa umekwenda na mto, basi nikampulizia kwa mdomo wangu, pumzi ndogo ndogo za shavuni. Nikaweka pembe kifuani. Moyo ulikuwepo, dhaifu, unasitasita. Nikapuliza tena. Na hapo ndipo nikasikia mtu anagombana kwa sauti kubwa ndani ya shapeli, na mtu huyo ni mimi.

"Umenichukulia mumoja! Sijasema kitu! Huyu uniachie! Unasikia? Huyu uniachie!"

Nje ya vikwembe akina mama walisikia yote. Kisha mmoja akaanza kuimba chini chini, mwingine akadakia, Wakatoliki na Waprotestanti na mke wa shehe ambaye maneno hakuyajua lakini sauti alikuwa nayo. Hakuna aliyeniambia nisimfokee Mungu. Walinishikia tu wimbo, nami nikapuliza. Mtoto akakunja uso, akalia kwa hasira. Nikakaa chini na kulia, kwa mara ya kwanza tangu daraja liende. Feza ndiye aliyenibembeleza, amelala pale bado kondo halijatoka. "Mama Maternite, nyamaza, mutoto iko mzima." Nikacheka na kulia pamoja, nikarudi kazini, maana kondo haliwezi kungoja.

Niliposhuka nyumbani nilikuta wamezika mgomba.

Kitenge alitumia nafasi. Ardhi ilikuwa imelewa maji, kwa hiyo hakuukata kama inavyotakiwa, aliuvuta tu kwa mikono ukatoka wote. Kaburi lenyewe halikuweza kuwa refu, kila wakichimba maji yanajaa. Wakaufunika nyuma ya jiko na shati la Ramazani la kwaya. Shati zuri lile! Nilisimama pale. Kitenge hakunikwepa.

"Nimefanya," alisema. "Unichukie."

"Nakuchukia," nikasema. Tukakaa wote wawili kando ya lile tuta la udongo, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pakavu.

Jioni Anatoli alipotaka kusali nilimwendea. Nikamwambia, katekista, nakuomba usiseme "marehemu". Alifikiri. Mtu mpole yule, hakutaka kumvunja Kitenge wala kunivunja mimi. Akasali, "Ndugu yetu Ramazani, pale aliko, Bwana awe naye." Watu wote wakarudia, pale aliko, Bwana awe naye. Wachimbaji kule chooni wakarudia. Nikamsikia Kitenge naye anarudia. Tangu siku hiyo tulisali hivyo kila jioni, na mimi, niliyekuwa nikisaliwa ya wawili, nikaanza kusali ya wawili. Sikuwa na hakika ya kitu. Nilikuwa na mikeka imejaa watu waliokuwa wakisema jina la mume wangu bila kulizika, na hilo lilitosha kuniamsha asubuhi na kunipeleka shapelini kwa akina mama wangu waliojifungua. Feza akatuma neno kwamba mtoto anaitwa Ramazani. Kwetu mtu akifa, jina lake hupewa mtoto. Nikamjibu kwamba jina ni zuri, sababu tutaiona.

Maji yalishuka. Alasiri moja tulikuwa tunatwanga muhogo, nimejaa unga mpaka nywele, tukasikia watu wanapanda njia. Walikuwa vijana wachimbaji wamebeba tipoyi, kile kitanda cha mianzi cha kubebea wagonjwa mabegani. Mbele yao kijana wa Kivu anayeitwa Bahati. Nilidhani wameniletea mgonjwa, wanaletwa kila siku. Nikatoka na unga wangu, nikaenda kwanza kwenye mguu, umefungwa kwa mbao za kuchekechea dhahabu. Umefungwa vizuri, nikasema moyoni. Nikapandisha macho.

Alikuwa anaficha uso kwa mikono, analia.

Ninyi mnajua mimi si mtu wa makelele. Sikupiga kelele. Nilichukua pembe shingoni, nikafungua shati lake, nikaiweka kifuani, nikainama. Nilisikiliza. Nikasikiliza tena.

"Iko," nikasema.

Hapo ndipo makelele yalipoanza. "Yesu Maria!" "Lahaula!" Wengine walikimbia mpaka barabarani, bibi mmoja akajifunika sahani kichwani. Kitenge alianguka magoti akashika mguu wa ndugu yake, kwa bahati mbaya ule uliovunjika, na Ramazani akapiga ukelele ambao uliwathibitishia wote kwamba si mzimu.

Lakini nilimwuliza, "Weye, unalia nini?" Bahati akajibu badala yake.

"Mama, tulifika pale kwa kona. Akaona moto, akaona watu wamejaa kwake, akajua ni matanga. Akasema tumurudishe. Alisema bibi yake, ni weye, ndiye amekufa mu maji, hataki kuingia."

Ramazani akanishika uso na unga wote. "Nilijua ni weye," alisema. "Nani mwingine angeliliwa na watu wengi hivi? Nilijua ni weye." Aliyasema mpaka sauti ikaisha.

Bidoni ndizo zilizomwokoa. Zilikuwa tupu, zimefungwa kamba moja, zikaelea naye mpaka kwenye kambi ya wachimbaji mbali huko chini, na njiani mti ulikuwa umemvunja mguu. Wakamtoa. Simu haishiki, njia zimekatika, wakamlisha na kungoja maji yashuke.

Sasa likaja la kuingia ndani. Kitenge akasema mtu aliyekwisha kuzikwa haingii kwa mlango, familia hairuhusu, lazima ukuta wa nyuma uvunjwe. "Mie niko na njaa," Ramazani akasema. Tukakumbuka kwamba ukuta wa nyuma ulikwisha kuanguka wenyewe. Wakampitishia huko, desturi ikatimia, bugali ikaletwa.

Alikuwa bado anakula alipoona watu wa mtaa wa chini wanakunja mikeka polepole, bila kusema. Mwanamke mmoja alikuwa anafunga watoto mgongoni na hana pa kwenda.

"Munaenda wapi?" akauliza.

"Matanga imekwisha, Papa. Aksanti kwa Mungu."

Ramazani akawaangalia, akaangalia maturubai, masufuria, mizigo ya muhogo. Yeye alikielewa kwa dakika moja kile ambacho mimi nilikuwa nimekaa katikati yake bila kukiona.

"Nani amefunga?" akasema. "Yaya, umefunga?"

"Bado," Kitenge akasema.

"Basi. Maiti ni mie, na mie sijafunga. Mukae."

Watu walicheka mpaka wakalia, wakatandika mikeka tena. Matanga yakaendelea. Kila asubuhi salongo, kazi ya pamoja, wote wakishuka kufyatua matofali na kukata miti, Waislamu na Wakristo na wachimbaji, nyumba moja baada ya nyingine, hapo juu mbali na mto, na maternite ikawemo katika zamu. Muhogo uliendelea kuja, kwa sababu vijiji vya mbali vilisikia Ramazani hajafungiwa matanga. Kama vilisikia pia kwamba yu hai, havikuona sababu ya kuuliza. Ramazani alikaa uani mguu umenyooka, anaamuru. Shirika moja la misaada lilipofika hatimaye na gari jeupe, likauliza nani anaongoza kambi hii, watu wakaonyesha kidole, wakasema, "Marehemu."

Yalifungwa siku familia ya mwisho ilipopata bati juu ya kichwa. Anatoli alisali, akakosea kwa mazoea, akasema "pale aliko", na Ramazani akainua mkono.

Mgomba ule, kwa sababu Kitenge aliuvuta na mizizi yake, ulichipua. Nyuma ya jiko letu sasa kuna migomba mingi, mmezila ndizi zake wote, hata kama hamkuambiwa imetoka kaburini. Kitenge kila akija anakatiwa mkungu, anaondoka nao bila kutuangalia.

Basi, wadogo zangu, hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Chemsheni maji mpaka yachemke kweli. Mtu akija na mkeka, msimwulize ataondoka lini. Titileri ameniuliza pia habari ya vifaa, kwamba nimerudisha kila kitu isipokuwa pembe. Ni kweli. Nyingine itachongwa, fundi wa Wamaza anajua kipimo.

Hii ninaitumia. Ramazani siku hizi analala kimya sana, na mimi naamka mapema kwa mazoea ya kazi. Naichukua msumarini, naiweka kifuani pake, nainama. Hafungui hata macho.

"Iko?" ananiuliza.

Nasikiliza. Nasikiliza tena.

"Iko," namwambia, na ninakwenda kuteka maji.